Ionje kahawa yako kabla ya kutia sukari

Mwulize mkulima wa kahawa wa Chwele au Kimilili kilo moja ya kahawa mbivu ilinunuliwa kwa pesa ngapi msimu uliopita, naye atakujibu bila kufikiri. Mwulize kahawa hiyo ina ladha gani, na yamkini atacheka. Jioni akitoka shambani yeye hunywa chai ya maziwa, sawa na sisi wengine wa Bungoma na Kitale. Kahawa aliyoipalilia na kuinyunyizia dawa mwaka mzima huishia Ujerumani, Ubelgiji na Marekani.

Si ajabu. Kahawa ilianza kupandwa nchini na wamishenari wa Kikatoliki katika miaka ya 1890, na kwa muda mrefu serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuipanda. Ruhusa ilianza kutolewa kwa uchache katika miaka ya 1930. Hata baada ya hapo, zao hili lilihesabiwa kuwa la kuuzwa, si la kunywewa. Ndiyo maana kwenye miteremko ya Mlima Elgon waweza kumpata mzee aliyekuza kahawa maisha yake yote na ambaye hajawahi kuionja ikiwa tupu.

Siku hizi mambo yanabadilika, hasa mijini. Imezuka desturi ya kupika kahawa ya viungo nyumbani. Unga wa kahawa hununuliwa dukani, tangawizi, iliki na mdalasini hununuliwa sokoni, na wageni wakija Jumapili hukaribishwa kwa birika linalonukia nyumba nzima.

Mimi kama daktari sina ugomvi na desturi hii. Ugomvi wangu ni na yale yanayofuata. Kabla mgeni hajaonja, vijiko viwili au vitatu vya sukari vimeshatiwa kikombeni, na kinywaji kinanywewa kikiwa bado kinafuka mvuke. Kisha mwenye nyumba huuliza, "Kahawa ikoje?" na kila mtu hujibu kwamba ni tamu. Msomaji, jibu hilo ni la kweli kwa sababu sukari ni tamu. Kahawa yenyewe hakuna aliyeionja.

Maoni yangu ni kwamba namna nzuri ya kuonja kahawa ya viungo ndiyo namna salama ya kuinywa. Mtu anayejua kuihukumu kahawa yake hana haja ya kuijaza sukari, haimezi ikiwa ya kuunguza, wala hakubali unga ulioota ukungu uingie sufuriani mwake. Ulimi na pua ni walinzi tuliopewa bure, nasi tumewapumzisha kazi.

Sukari huficha makosa

Wapo watu ambao kazi yao ni kuonja kahawa kabla haijauzwa mnadani Nairobi. Hawatii sukari wala maziwa. Humwaga maji ya moto juu ya unga, husubiri dakika nne hivi, huvunja utando wa juu kwa kijiko huku wakinusa, kisha husubiri tena ipoe. Halafu huifyonza kutoka kijikoni kwa sauti ambayo mezani kwenu ingehesabiwa kuwa utovu wa adabu, na kuitema. Huionja tena na tena kadiri inavyopoa, kwa kuwa kahawa mbaya hujificha ikiwa moto na hujifichua ikiwa vuguvugu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawa wanalijua na wanunuzi wengi hawalijui. Herufi AA na AB tunazoziona kwenye pakiti hupangwa kwa kuangalia ukubwa wa punje, si ladha. Punje kubwa aghalabu hupata bei nzuri, lakini AA iliyokaangwa ikaungua, au iliyokaa rafuni mwaka mzima, itashindwa na punje ndogo iliyokaangwa juzi. Pakiti haiwezi kukuonjea.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Mtu anayetia vijiko viwili kwa kila kikombe, akanywa vikombe vinne vya chai na kahawa kwa siku, amekula gramu 32. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwa siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa wastani, na kwamba ni bora zaidi isizidi gramu 25. Mtu wetu ameshapita kiwango hicho bora kabla hajagusa mkate, soda wala keki. Na vijiko vya kwetu, kama ujuavyo, ni nadra kusawazishwa.

Sisi tunaishi karibu na mashamba ya miwa ya Nzoia, na sukari haijawahi kuwa kitu kigeni nyumbani. Mgeni kupewa kinywaji kisicho na sukari huonekana kama ametukanwa. Lakini ukija kwenye chumba changu cha matibabu utawakuta watu wa miaka 40 na 45, wenye kazi na watoto shuleni, wakiambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana kisukari. Sisemi kwamba kijiko cha sukari peke yake ndicho kilichowaletea. Uzito, kukaa kitini mchana kutwa na urithi wa ukoo pia vina sehemu yao. Nasema tu kwamba kati ya hayo yote, kijiko hicho ndicho rahisi kukiondoa, na viungo ndivyo vinavyotusaidia kukiondoa. Iliki huleta harufu ambayo ubongo huiunganisha na utamu. Mdalasini hali kadhalika. Ukivitia viungo hivi kisha ukamimina vijiko vitatu vya sukari juu yake, umelipa gharama mara mbili kwa kazi moja.

Watu wa Pwani waliutatua mtanziko huu zamani. Kahawa chungu ya Mombasa na Lamu, yenye tangawizi au iliki, hunywewa bila sukari katika vikombe vidogo, na utamu huwekwa pembeni: kipande cha halua, kashata au tende. Hivyo ndivyo ilivyo Oman na kwingineko Ghuba, ambako kahawa ya iliki na tende havitengani. Mnamo 2015 UNESCO iliitia kahawa hiyo ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa binadamu. Sikutumi ule halua kila siku, kwani halua nayo ni sukari na samli. Nataka uone kwamba kunywa kahawa bila sukari si uzungu wala ubahili. Ni adabu ya kale ya watu wetu wenyewe.

Moto si ladha

Hapa naomba usikilize kwa makini zaidi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliisafisha kahawa na tuhuma ya zamani ya kusababisha saratani ya kibofu. Wakati huo huo liliweka vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Haidhuru ni kahawa, chai au maji matupu. Kinachoumiza ni moto.

Ugonjwa huu si hadithi ya mbali. Kenya imo katika ukanda wa Afrika Mashariki wenye saratani hii kwa wingi, na wagonjwa wengi kutoka kaunti zetu hupelekwa Eldoret. Huko huko Eldoret ulifanywa uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, uliolinganisha wagonjwa na watu wasio na ugonjwa huo. Waliozoea vinywaji vya moto sana walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wanaovinywa vikiwa vuguvugu. Nchini Tanzania, watafiti waliopima joto la chai mkoani Kilimanjaro mwaka 2015 waligundua kwamba kwa wastani watu huanza kunywa ikiwa imepita nyuzi 70. Nadhani hapa kwetu, penye baridi ya asubuhi ya Kitale na chupa ya chai isiyopoza, hatuko nyuma yao.

Jambo la kufurahisha ni kwamba ulimi nao hauonji vizuri katika moto mkali. Kahawa ya kuunguza haina ladha, ina maumivu tu. Acha kikombe wazi mezani kwa dakika kumi hivi. Kikiwa cha kushikika kwa viganja viwili bila kuvibadilisha, na ukaweza kunywa funda zima bila kupuliza wala kuvuta hewa, hapo ndipo iliki hutokeza na kahawa huonyesha asili yake. Ukimwona mtu anapuliza, jua bado ni mapema.

Namna ya kuipika

Kitale iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, na Bungoma mita 1,400 hivi. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema: Kitale karibu na nyuzi 94, Bungoma karibu na 95. Wataalamu wa kahawa hupendekeza maji ya kati ya nyuzi 90 na 96. Yaani maji yetu yanayotokota yako sawa kabisa kwa kahawa, na huhitaji kipimajoto.

Chukua nusu lita ya maji. Ponda punje tatu za iliki na kipande cha tangawizi kisichozidi ncha ya kidole gumba, tia na kijiti kifupi cha mdalasini, uchemshe kwa dakika tano hadi kumi. Viungo huhitaji muda huo. Kahawa haiuhitaji. Kwa hiyo epua sufuria kwanza, ndipo utie unga wa kahawa, vijiko vitano vya mezani, ukoroge na kufunika kwa dakika nne. Kisha chuja.

Wengi hutia kila kitu pamoja na kuchemsha robo saa. Unga wa kahawa ukichemshwa hivyo hutoa uchungu wa kukereketa, na uchungu huo ndio unaoita sukari. Isitoshe, kahawa isiyochujwa vizuri hubaki na mafuta yanayopandisha kolesteroli mbaya katika damu. Karatasi ya kuchujia huyazuia karibu yote, na kitambaa safi kizito husaidia pia. Chujio la chai la waya huyapitisha. Kama unakunywa kikombe kimoja kwa wiki, usijali. Kama ni vitatu kila siku na tayari umeambiwa una kolesteroli nyingi au moyo unakusumbua, nunua karatasi.

Maswali matano ya mwonjaji

Kahawa ikishapikwa, ihukumu kwa utaratibu huu.

Kwanza, unga mkavu unanukiaje? Huu ni uchunguzi wa kabla ya kupika. Unga mzuri hunukia kama njugu zilizokaangwa, au hata matunda. Ukinukia gunia bichi, vumbi la ghala au ukungu, utupe. Ukague mdalasini, iliki na hasa tangawizi ya unga vivyo hivyo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, kwa sumu ya ukungu iliyokuwa katika mahindi. Sumu kama hiyo haimalizwi na kuchemsha, na viungo vilivyohifadhiwa penye unyevu huweza kuwa nayo. Nunua viungo vizima na uvitwange mwenyewe, maana unga huficha mengi.

Pili, funda la kwanza lina uchungu au uchachu? Si kitu kimoja. Uchachu mwepesi kama wa zabibu au chungwa ni sifa ya kahawa ya nyanda zetu za juu na haumaanishi imeharibika. Uchungu kiasi ni wa kawaida. Uchungu wa majivu ni wa kahawa iliyoungua.

Tatu, je, kahawa bado ipo? Kama unachosikia ni tangawizi tu inayowasha koo, umepika dawa ya mafua. Kiungo chema huisindikiza kahawa, hakiizimi. Ukiona muuzaji amezidisha viungo, jiulize anaficha nini.

Nne, kinabaki nini mdomoni baada ya dakika moja? Kahawa njema huacha harufu ya kupendeza. Mbaya huacha ukavu unaokufanya utake maji.

Tano, mwili unasemaje baada ya saa moja? Swali hili waonjaji wa mnadani hawaliulizi, kwa kuwa wao hutema. Wewe humeza. Moyo ukikuenda mbio, mikono ikitetemeka au kiungulia kikikupanda, hiyo nayo ni hukumu, hata kama ulimi uliipa kahawa alama zote. Unga wa bei nafuu huenda umechanganywa na robusta, ambayo ina kafeini karibu maradufu ya arabika ya Elgon.

Ni nani ajihadhari?

Kikombe kimoja cha kahawa iliyopikwa kina kafeini ya miligramu 80 hadi 100 kwa makadirio. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufika miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi. Mama mjamzito asipite 200, yaani vikombe viwili vidogo, akikumbuka kwamba chai nayo ina kafeini. Nusu ya kafeini uliyoinywa saa kumi na moja jioni inaweza kuwa bado mwilini saa nne usiku. Kabla ya kuniomba vidonge vya usingizi, niambie kikombe chako cha mwisho ulikinywa lini.

Baadhi ya dawa, mathalani siprofloksasini inayotolewa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, huzuia mwili kuondoa kafeini upesi. Ukiwa kwenye dawa hiyo, kikombe kimoja hufanya kazi ya viwili.

Mwenye upungufu wa damu asinywe kahawa pamoja na mlo. Uchunguzi wa mwaka 1983 ulionyesha kuwa kikombe cha kahawa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kunywa saa moja kabla ya kula, au saa mbili baadaye. Vidonge vya madini ya chuma pia vimezwe kwa maji.

Na kwa wale wanaouziwa kahawa ya viungo kama dawa ya kisukari, presha au nguvu za kiume: tafadhali, msiache vidonge vyenu. Ni kweli kwamba tafiti nyingi kubwa zimewakuta wanywaji wa kahawa wa kiasi wakipata kisukari cha ukubwani kwa uchache zaidi, lakini hilo halijaifanya kahawa kuwa tiba ya aliyekwisha kuugua. Mdalasini nao usizidishwe. Ule wa gome nene na gumu, unaojikunja tabaka moja, una kemikali inayoweza kuudhuru ini ukitumiwa kwa wingi kila siku. Ule mwembamba wenye tabaka nyingi kama sigara, unaolimwa Zanzibar, una kiasi kidogo mno cha kemikali hiyo.

Tena jihadhari na vile vipakiti vya kahawa iliyokwisha kuchanganywa na sukari, maziwa ya unga na vanila. Geuza pakiti usome. Viambato huandikwa kwa kuanzia na kilicho kingi zaidi. Sukari ikiwa ya kwanza na kahawa ya tatu, umenunua sukari yenye harufu ya kahawa.

Anzeni Jumapili hii

Najua pingamizi litakalokuja. Wengi huniambia, "Daktari, kahawa bila sukari ni mwarobaini." Ni kweli, kwa siku za kwanza. Ulimi hufundishika, lakini haupendi kulazimishwa. Punguza nusu kijiko kila wiki. Anayetumia vijiko viwili atakuwa amevimaliza katika mwezi mmoja, na ladha ya iliki ambayo hajawahi kuitambua itaanza kumjia yenyewe. Asiyeweza kuacha kabisa na abaki na nusu kijiko. Hiyo pia ni faida.

Jumapili hii, wageni wakija, liweke bakuli la sukari mezani lakini usimtilie mtu. Mwombe kila mmoja angoje kikombe kipoe, aonje mafunda matatu matupu, aseme anachokisikia, ndipo atie akitaka. Watoto wape uji au maziwa. Na kama yupo mezani anayesema chakula kigumu kimeanza kumkwama kooni, hata kama ni kwa wiki chache tu, usimpe kahawa ya tangawizi imlainishe. Mpeleke hospitali Jumatatu asubuhi.